Kufuma na Kufumua: Habari ya Uzi Mgeni na Skafu

Mwenye kufundisha kazi za mikono hukutana mara nyingi na jambo la kumtia haya mbele ya wanafunzi wake, nami nitaanza na langu. Shule yetu iko katika nyanda za juu za kusini, mahali ambapo mwezi wa sita na wa saba umande huganda juu ya majani, na kwa hiyo kufuma kwetu si pambo bali ni haja. Mwaka mmoja tuliletewa sanduku la nyuzi kutoka kwa wahisani wa ng'ambo. Sisi tulizoea sufu ya kondoo, na ile ya viwandani iliyofanywa kwa mfano wa sufu. Nyuzi hizi hazikuwa hivi wala vile. Kila uzi kwa asili yake ulikuwa mwembamba kama uzi wa kushonea, ila ulitoka nywele ndefu pande zote kama kiwavi cha washawasha, tena uliteleza mkononi. Rangi zake zilikuwa mbili tu, nyeusi na nyeupe.

Naliwaamuru wasichana wafume masweta kwa kielelezo kile kile cha siku zote, na kwa sindano zile zile tulizozichonga kwa spoku za baiskeli. Sweta la kwanza lilipokwisha likatundikwa, na kwa juma moja likarefuka hata likamfikia mvaaji magotini. Basi nikasema lifumuliwe. Hapo ndipo tulipojua ya kuwa uzi ule haukubali kufumuliwa, maana nywele zake zilikuwa zimeshikana kama mbigili. Wengine walikata kwa mkasi. Msichana mmoja alichukua chanuo, akafumua polepole kitanzi kwa kitanzi, kama afumuavyo nywele za mdogo wake siku ya Jumamosi, akaupata uzi wake mzima. Kisha akachonga sindano mbili za ulanzi, nene kama kidole chake cha mwisho, akafuma pasipo kielelezo chochote kitu kirefu cheusi, chenye weupe mabegani na kishungi cheupe kwenye ncha. Nalimwuliza ni kitu gani. Akajibu, "Ni mbega, Mwalimu. Ni skafu ya mbega."

Wenzake walicheka sana, kisha kila mmoja akataka kuijaribu shingoni. Mimi nalimkaripia. Nalisema ya kuwa uzi ni mali ya shule, na mchezo una saa yake, nikampa alama ndogo. Lakini neno lile halikunitoka moyoni, kwa sababu katika sanduku lile zima hakuna kilichotoka kizuri ila skafu ile. Tangu siku hiyo nimetafuta kujua watu wengine walifanyaje walipopata uzi wasioujua, na yafuatayo ndiyo niliyoyaona.

Kwanza tuyatazame maneno, maana lugha yetu imehifadhi habari nyingi za jambo hili. Kufuma kwa Kiswahili ni kazi ya mfumi aliyetandika nyuzi zake za mtande na kupitisha za mshindio. Kazi hii ni ya kale sana katika pwani yetu. Wachimbaji wa magofu wameokota huko Kilwa na Shanga vigae vilivyotobolewa katikati, ambavyo vilikuwa vizito vya kusokotea nyuzi. Ile kazi ya sindano mbili, yenye uzi mmoja tu unaojiingia wenyewe kwa vitanzi, ilitufikia baadaye sana, na kwa sehemu kubwa ilipitia katika shule za misheni. Lugha haikuitungia jina jipya, bali iliipa jina la jamaa yake mzee. Vitu vilivyofumwa ndivyo vilivyokuja na majina yao mgongoni: soksi, sweta, skafu. Ndugu zao waliotangulia walikuja vivyo hivyo, shali kutoka Uajemi na leso kutoka kwa Wareno. Mavazi ya shingoni na kichwani, naona, ni wageni wanaokaribishwa kwetu bila kuulizwa kabila.

Sufu nayo ni neno la Kiarabu, na maana yake ni manyoya ya kondoo. Lakini tunda la msufi, lile lipasukalo likatoa pamba laini ya kujaza mito na magodoro, twaliita sufi, na asili ya majina hayo mawili ni moja. Waliolipa jina hilo walitazama ulaini wake wakasema, hii ni sufu ya mtini. Walakini mtu akijaribu kuisokota sufi ataona ya kuwa nywele zake ni fupi, zateleza, zavunjika, wala hazishikani kuwa uzi. Kufanana kwa macho hakukufaa kitu mkononi. Kosa langu la masweta lilikuwa la namna iyo hiyo: naliona nywele laini, nikadhani ni sufu.

Liko na neno la tatu, nalo ni kufumua, kinyume cha kufuma. Wengi hulihesabu kuwa ni neno la hasara, la kazi iliyoharibika. Katika historia ya pwani hii lilikuwa kwa watu fulani ndilo neno la faida. Duarte Barbosa, Mreno aliyezunguka Bahari ya Hindi na kuandika kitabu chake karibu na mwaka 1516, alieleza habari za Waislamu wa Sofala, katika nchi iitwayo leo Msumbiji. Walilima pamba, wakaisokota, wakafuma nguo nyingi nyeupe. Rangi hawakuwa nazo, au hawakujua kuzitia. Basi walinunua nguo za buluu na za rangi nyingine kutoka Cambay katika Bara Hindi, wakazifumua uzi kwa uzi, kisha wakazifuma upya pamoja na nyuzi zao nyeupe. Nguo zilizopatikana waliziuza kwa dhahabu.

Na tuifikiri kazi hiyo jinsi ilivyokuwa. Nguo iliyokwisha fumwa na mafundi wa mbali, ikavuka bahari kwa pepo za kaskazi, yaketi mapajani mwa mfumi wa Sofala, naye aiharibu kwa makusudi. Hakuitaka ile nguo. Aliutaka uzi wake. Naye hakuufuma kwa namna ya Cambay, bali aliuchanganya na weupe wake mwenyewe. Natamani ningeijua habari hii siku ile nilipomwona yule msichana na chanuo lake.

Kufuma kwa sindano kuna historia yake pia, nami nitaipitia kwa haraka. Huko Misri zimeonekana soksi za karne ya 4 hivi, zenye kidole kikubwa kimetengwa ili mtu avae kandambili, nazo zilifanywa kwa sindano moja yenye tundu, kwa namna iliyo karibu na kushona. Baadaye, katika zama za Kiislamu, kati ya karne ya 11 na ya 14, zaonekana huko huko soksi za pamba nyeupe na rangi ya nili, zilizofumwa kwa vitanzi kama tufumavyo sisi. Kutoka pande hizo maarifa haya yalienea Ulaya. Mwaka 1589 Mwingereza William Lee akabuni mashine ya kufuma soksi, na tangu wakati huo mkono wa mtu umekuwa ukishindana na chuma. Mashindano hayo yatufikia hata sisi, kama nitakavyoeleza.

Sasa naja kwenye habari iliyonishughulisha zaidi ya zote, nayo ni ya mbali sana na hapa, ya Alaska, katika ncha ya kaskazini-magharibi ya Amerika.

Katika nchi zile za barafu yuko mnyama ambaye Wazungu humwita ng'ombe wa miski, ingawa kwa ukoo yu karibu zaidi na mbuzi na kondoo. Wenyeji wa kaskazini humwita umingmak, yaani mwenye ndevu. Nywele zake za nje ni ndefu, zashuka hata karibu na kwato, na chini yake yana manyoya laini sana yaitwayo qiviut. Kila unywele wa qiviut ni mwembamba kupita sufu nzuri ya kondoo. Majira ya baridi yakiisha, manyoya haya hujitoa yenyewe. Mnyama afugwaye hakatwi manyoya kwa mkasi. Huchanwa kwa chanuo, na mnyama mzima hutoa kama kilo 2 au 3 kwa mwaka.

Huko Alaska wanyama hawa walikwisha kabisa katika karne ya 19. Mwaka 1930 wakaletwa 34 kutoka Greenland, na katika miaka ya 1935 na 1936 wakapelekwa kisiwani Nunivak, katika Bahari ya Bering, wakazaana. Mtu mmoja, John Teal, mwenye elimu ya desturi za mataifa, alikuwa na fikira kwamba wanyama hawa waweza kufugwa, na kwamba watu wa vijiji vya kaskazini, wenye fedha kidogo na njia chache za kuipata, waweza kupata riziki kwa manyoya yao bila kuhama makwao. Alianza mwaka 1954 na ndama wachache kutoka Kanada, akawatunza katika shamba lake Vermont. Mwaka 1964, pamoja na chuo kikuu cha Alaska, akawakamata wengine Nunivak na kuwapeleka Fairbanks.

Manyoya yakapatikana. Ndipo likaja swali lile lile la sanduku letu: yafumwe nini? Uzi wa qiviut una joto jingi na uzito mdogo, na ukifuliwa haujikunji kama sufu. Lakini una upungufu wake. Hauvutiki na kurudi kama sufu ya kondoo. Sweta zito la qiviut halishiki umbo lake, na soksi hulegea. Tena ulikuwa haba na wa thamani, hata kupoteza kipande kulikuwa hasara. Waliouchunguza waliona ya kuwa ulegevu ule ule ulio ubaya katika sweta ni uzuri katika kitu kianguka­cho chenyewe mabegani. Basi wakachagua skafu, tena yenye matundu mengi kama wavu, ili uzi kidogo ufunike mahali pengi na hewa ikae ndani yake ikitunza joto.

Mwishoni mwa mwaka 1968 yalifanyika mafundisho ya kwanza katika kijiji cha Mekoryuk, kilicho peke yake kisiwani Nunivak. Wanawake wa huko hawakuwa wageni wa kazi za mikono. Watu wa pwani ile walikuwa wakishona ngozi ili maji yasipite, na kusuka vikapu na hata soksi kwa majani makavu. Lakini uzi huu, ingawa mnyama wake alikuwa akilisha kisiwani mwao, ulikuwa mpya mikononi mwao. Je, wafundishwe maua ya Ulaya? Hilo lingekuwa jepesi, maana vielelezo vilikuwako tele. Badala yake walichagua umbo kutoka kitu cha kwao: kichwa cha chusa, kilichochongwa kwa pembe ya walarasi, chenye umri wa miaka kama 1,200. Michoro ya chusa hicho ikageuzwa kuwa mpangilio wa vitanzi na matundu, na mpaka leo skafu za Mekoryuk hujulikana kwa umbo hilo.

Hapa Mswahili hawezi kujizuia asitabasamu. Kufuma, kwetu, ni kushika sindano. Na kufuma, neno jingine lenye sauti ile ile, ni kumchoma mnyama au samaki kwa mkuki, mshale au chusa. Sidai kwamba maneno haya mawili ni ya asili moja. Lakini ni lugha gani nyingine ingeweza kusema kwa neno moja tu walilolitenda wanawake wale? Baba zao walifuma kwa chusa, nao walikifuma chusa.

Mwaka 1969 kikaundwa chama cha ushirika, nacho kikaitwa Oomingmak, kwa jina la mnyama. Vijiji vingine vikajiunga, na kila kijiji kikajichagulia umbo lake, mengine kutoka katika kazi za kale za mikono yao. Mfumaji hutumiwa uzi nyumbani kwake kwa posta, hufuma wakati asipokuwa na kazi za samaki wala za watoto, hurudisha kitu kilichokwisha, hulipwa, na mwisho wa mwaka hugawiwa sehemu ya faida. Kwa miaka mingi wanachama wamehesabiwa kuwa kama 200 au zaidi, na duka lao liko mjini Anchorage.

Kati ya vitu vyao, kinachonipendeza zaidi ni kile kiitwacho nachaq. Ni skafu isiyo na mwanzo wala mwisho, mfano wa bomba. Mtu huivaa shingoni, na upepo ukivuma huivuta juu ikawa kofia. Wazungu huiita kwa jina lenye maana ya pete ya moshi. Wenyeji walilitoa jina lake katika neno lao la kofia, kana kwamba skafu ilikuwa ikijifanya kofia, au kofia ikijifanya skafu. Mchezo umo ndani yake, na hakuna aliyepewa alama ndogo kwa ajili yake.

Kwa mwalimu lipo jambo kubwa kuliko chusa, nalo ni namna walivyofundishwa. Vielelezo vya kufuma vya Kiingereza huandikwa kwa vifupisho, herufi na tarakimu zilizosongamana, hata mtu ajuaye Kiingereza vizuri huviona kama fumbo. Dorothy Reade, mwanamke wa Oregon aliyeujaribu uzi wa qiviut tangu mwanzo, alitengeneza njia ya alama: kila kitanzi kina alama yake, na alama zimepangwa katika miraba kama zionekanavyo katika kitambaa chenyewe. Mwanamke aliyesema lugha ya kisiwa chake tu aliweza kuzifuata bila kungoja mkalimani. Ni miaka mingapi nimewakaririsha wasichana vifupisho vya lugha ya kigeni, nikidhani ya kuwa nafundisha kufuma! Asiyevikariri nalimhesabu kuwa mvivu, kumbe mikono yake ilikuwa tayari, ila mlango ulifungwa kwa ufunguo wa lugha nyingine.

Sitaki msomaji adhani ya kuwa mambo ya Alaska ni makamilifu. Matumaini ya Teal kwamba kila kijiji kitakuwa na kundi lake hayakutimia kwa ukubwa alioutazamia. Kundi lililofugwa lilihamahama, na tangu mwaka 1986 liko Palmer, mbali na vijiji vingi vya wafumaji. Uzi wenyewe husokotwa kwa mashine nje ya Alaska. Mwanamke wa Mekoryuk, basi, hachani wala hasokoti. Zamani ningalisema kazi ya namna hii ni nusu ya kazi, kwa kuwa nalilelewa kuamini ya kuwa fundi wa kweli hushika kazi tangu mbegu hata vazi. Wafumi wa Sofala wamenigeuza. Wao nao hawakutia rangi. Waliipokea rangi ya watu, lakini nguo ilikuwa yao, na dhahabu iliingia mikononi mwao.

Naja kwetu. Kina mama wa usharika wetu wamefuma masweta ya kuuza kwa miaka mingi, na sasa wengi wameacha. Sababu ni mitumba. Sweta la mitumba huuzwa mnadani kwa bei ndogo kuliko sufu ya kufumia sweta moja, wala hakuna mwanamke awezaye kushindana nalo kwa kufuma sweta jingine lile lile. Nilikuwa nikiwahimiza kwa maneno ya bidii. Siku hizi nawauliza: ni kitu gani kisichopatikana katika robota la mitumba? Jibu alikuwa nalo yule msichana, nami nalimpa alama ndogo.

Kwa hiyo tumeanza kuchora. Tunatumia madaftari ya hesabu, yenye miraba: mraba mtupu ni kitanzi, mraba uliotiwa wino ni tundu. Mama mmoja asiyejua kusoma amechora ukindu wa mkeka wa nyumbani kwao, mistari ikipandana kwa mshazari, na umefumika vizuri kwa uzi mwembamba. Mwingine alijaribu jani la mgomba, likatoka kama mbavu za samaki. Tumeliacha liitwe samaki. Za mbega zimefumwa nne, na shida yake ni kujua pa kukomea. Nakumbuka habari ya Uingereza ya mwaka 1974, mfumaji Begonia Pope alipopewa nyuzi za rangi nyingi na James Acheson, mshona mavazi wa mchezo wa televisheni, ili afume skafu. Aliyempa hakukusudia zitumike zote, naye alifuma mpaka zikaisha. Ikatoka skafu ndefu kiasi cha kuburuzika chini, na mwigizaji Tom Baker akaivaa hivyo hivyo, ikawa mashuhuri kuliko mavazi mengine yote ya mchezo ule. Kwetu tumekata shauri kuwa mbega akome kwenye magoti ya mvaaji, kwa sababu ya matope.

Alama za msichana yule nalizibadilisha katika kitabu, nikamwambia sababu mbele ya wenzake. Nalimwomba pia aiache skafu shuleni iwe kielelezo. Alikubali, akaomba ruhusa kuipeleka nyumbani kwanza likizo ya mwezi wa sita ili bibi yake aione. Shule ilipofunguliwa alikuja mikono mitupu. Bibi alikuwa ameivaa kanisani Jumapili mbili mfululizo, na alipoulizwa lini ataitoa, alisema baridi bado haijaisha.